Edita yako mwenyewe kwenye mashine za RAM GB 4: anzia kwenye bafa

Mkuu wa Ngamiani, umesema darasa lako hapo Tanga lina kompyuta za mezani zenye RAM ya GB 4, unataka kuandika edita ya msimbo yenye ujumbe wa Kiswahili, na umeuliza kama utumie Electron (njia ya kujenga programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti) au lugha ya C. Electron iache. Inabeba Chromium nzima, yaani kivinjari kizima, na seva ya lugha (programu ya pembeni inayokagua msimbo) nayo inataka fungu lake la RAM. Kabla ya kuandika chochote, pitia Kilo, edita ndogo ya Salvatore Sanfilippo: C tupu, mistari isiyofika 1,000.

Kazi kubwa ni namna ya kutunza maandishi kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu yanapokaa yakihaririwa. Wengi hufanya kila mstari kuwa kitu chake. VS Code, edita ya Microsoft, ilikuwa hivyo hadi 2018. Faili moja la MB 35 lenye mistari milioni 13.7 lilimeza takriban MB 600. Wakahamia jedwali la vipande: maandishi ya asili hayaguswi, mapya yanaongezwa kwenye bafa ya pili, jedwali linasema kipi kinafuata kipi. Kwa mafaili ya wanafunzi, bafa yenye pengo kama ya edita ya Emacs inatosha. Pengo linakaa palipo na kishale, herufi zinaingia humo. Baiti nyingi huhamishwa ukiruka mbali tu, na kwa KB 50 hata hutahisi.

Rangi za msimbo waachie tree-sitter, maktaba inayochambua muundo wa msimbo.

LSP, itifaki ya edita kuzungumza na seva ya lugha, ndiko watu wanakozama. Tuma initialize, subiri jibu, tuma initialized, ndipo didOpen ya kuiambia seva kuwa faili limefunguliwa. Content-Length, urefu unaoandikwa kwenye kichwa cha kila ujumbe, ni hesabu ya baiti, si herufi. Nafasi ndani ya mstari zinaanzia sifuri, na kwa kawaida huhesabiwa kwa vizio vya UTF-16 (usimbaji wa herufi kwa vizio vya baiti mbili): emoji ya kawaida ni baiti 4 za UTF-8 lakini vizio 2. Ukichanganya, alama ya kosa inasogea pembeni kila penye emoji, nawe unailaumu seva bure. Toleo la 3.17 linaruhusu mkubaliane UTF-8, ila seva ikikataa lazima ujue kubadilisha.

Kuhifadhi sasa, na umeme wetu huu. Usiandike juu ya faili lenyewe. Ukikatika katikati, mwanafunzi anaweza kubaki na faili tupu au nusu. Andika faili la muda, fsync (lazimisha data ifike kwenye diski), kisha rename (lipe jina la faili la zamani). Liwe ndani ya folda ileile, maana rename haivuki kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine. Nakili na ruhusa za faili la zamani, la sivyo skripti zitagoma kuendeshwa.