Pikipiki Iliyotumika: Bei Ipimwe Vipi?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Katika duka moja la Chake Chake nimeoneshwa pikipiki iliyotumika ambayo mita yake inasoma kilomita 9,000 tu, na muuzaji hapunguzi bei. Nitajuaje kama inastahiki? Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam. Mita huweza kurudishwa nyuma. Mpira wa kuwekea mguu uliolika hadi ukawa laini haulingani na kilomita 9,000. Nenda asubuhi na uiguse injini kabla haijawashwa, kwani ikiwa imeshapashwa moto huenda unafichwa ugumu wake wa kuwaka. Ikiendelea kutoa moshi wa buluu, inaunguza oili, na hapo mimi ningeondoka. Visiwani kwetu adui mkubwa ni kutu ya hewa ya chumvi: inama chini ya tangi, pitisha kidole kwenye maungio ya fremu na kwenye spoki, maana rangi mbichi yenye michirizi mahali hapo mara nyingi imefunika jambo. Namba ya chesisi ilingane na ya kadi. Kisha fundi wako, si wa dukani, akadirie gharama za tairi, cheni na matengenezo mengine, uzitoe katika bei ya pikipiki nzima ya aina na umri huo, na kitakachobaki ndicho umtajie muuzaji.