Niko Nairobi wiki ya tatu, bado nilipie mtu anitembeze?

SWALI: Habari za kazi dada wa safu. Mimi ni mdada wa Dar, niko safarini mwezi wa tano sasa, nilianzia Arusha nikapita Kigali na Kampala kwa basi, kazi zangu nafanya kwenye laptopu kwa hiyo kila mji nakaa wiki kadhaa. Nairobi nimepanga chumba Ngara na kusema kweli bado siujui mji, najua supamaketi, najua steji, najua mgahawa wenye intaneti nzuri, basi. Mwenzangu ananiambia nilipie ile ziara ya kutembea kwa miguu na mwongozaji. Naogopa vitu viwili. Kwanza, mji mmoja huko nyuma nililipia, yule kaka akatuzungusha maduka matatu ya vinyago na hela ikaishia hapo. Pili, mimi ni Mswahili, lugha naijua, nikimlipa mtu anionyeshe mjini si nitaonekana mshamba?

JIBU: Karibu sana dadangu, na pole kwa hayo maduka. Lipia. Nakwambia hivyo nikiwa mzaliwa wa Pumwani, tao, yaani katikati ya mji, nalipita tangu niko na yunifomu ya shule, na bado nilitembezwa. Nilikuwa nasindikiza binamu zangu kutoka Lamu na nilienda nikijua mimi ndo nitakuwa namsahihisha mwongozaji.

Tukasimama Kenyatta Avenue, pale kwa zile sanamu tatu za shaba, mnara wa Askari. Hapo nimepita miaka mingi nikikimbilia matatu na sikuwa nimewahi kuziangalia nyuso zao. Kijana hakutoa hotuba, alituuliza tu, kati ya hawa watatu nani si askari? Tukazunguka tukiangalia mmoja mmoja mpaka binamu yangu akamwonyesha kwa kidole, huyu, huyu ni mpagazi. Ndo tukaambiwa venye vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walizoa wanaume wa huku maelfu kwa maelfu wakawabebeshe mizigo ya jeshi, wengi wakafa kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na kikosi chao kikiitwa Carrier Corps, watu wakakitamka walivyoweza, kwenu Dar ikabaki Kariakoo, kwetu ikabaki Kariokor. Hiyo Kariokor iko hapo karibu na chumba chako, soko la vyondo na nyama choma! Maandishi kwenye mnara yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Binamu yangu alisoma ya Kiswahili kwa sauti, na mimi nilishindwa kuongea kidogo, juu babu ya mamangu alichukuliwa kubeba mizigo hiyo na mpaka leo hatujui alizikwa wapi.

Kwenu pia kuna Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, bila shaka umeipita mara elfu. Ukirudi kaisome.

Hicho ndicho unacholipia, mtu wa kukusimamisha. Ukitembea peke yako utaona Muindi Mbingu Street ni njia ya kwenda City Market tu, hutajua ni jina la mtu aliyeongoza Wakamba mwaka 1938 wakaja mpaka Nairobi kupinga ng'ombe wao kuchukuliwa na serikali ya kikoloni. Utapita sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na bunduki yake mkononi, utapita sanamu ya waziri Tom Mboya kwenye Moi Avenue na hakuna atakayekwambia kwamba barabara hiyohiyo ndo alipigwa risasi Julai 1969. Na ukifika bustani ya kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998 omba mpewe muda, si mahali pa kupita mbio, zaidi ya watu 200 walikufa na majina yao yako ukutani.

Kuhusu maduka, uliza kabla hujatuma pesa: tutapita wapi, tutakuwa watu wangapi, kuna duka lolote njiani? Anayejibu kwa kuzungukazunguka achana naye. Uliza pia kama ana leseni ya TRA, ya huku ni mamlaka ya kusimamia utalii, si ile ya kodi ya kwenu. Mimi nawapenda sana wale vijana waliokulia mitaani wanaokupitisha downtown na kukusimulia maisha yao wenyewe, hao hawana cha kukariri. Kama ziara inaitwa ya bure jua kijana anategemea utakachompa mwisho, mpe vizuri.

Na mshamba wala si wewe, wewe mwambie akutembeze kwa Kiswahili. Wengi wamezoea kusimulia kwa Kiingereza, wakigeuka kwa Kiswahili stori zinatoka na mambo ambayo mzungu haambiwi. Fanya hivyo wiki hii, usingoje siku ya mwisho kama watu wanavyofanya, halafu Jumapili asubuhi tao likiwa limetulia rudi njia ileile peke yako polepole.

SWALI: Na picha je? Mlinzi alinifokea nje ya jengo fulani mpaka nikafuta zote. (Msomaji, Thika)

JIBU: Pole. Majengo ya serikali, Bunge, polisi na jeshi usipige bila ruhusa, mwongozaji atakwambia wapi ni sawa. Ukitaka picha ya mji mzima panda KICC, lile jumba la mikutano la kimataifa, ghorofa 28, lilimalizika 1973, unalipa kiingilio unafika hadi juu na hakuna wa kukufokea. Chini barabarani simu iwe ndani ya mkoba, hasa River Road, na kama ni Julai beba sweta, huko juu kuna upepo.