Konvolusheni kwa lenzi mbili: kasi hupotelea mlangoni

Konvolusheni ni kuipitisha picha kwenye kichujio, yaani jedwali dogo la namba linalozidishwa na kila eneo la picha kisha kujumlishwa, na mwanga unaweza kuifanya kazi hiyo. Panga lenzi mbili zenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana) wa milimita 125. Mwanga utapita mfumo mzima, nusu mita, kwa nanosekunde 1.7 hivi, na ndani ya muda huo picha yote imeshachujwa, kichujio kiwe kidogo au kikubwa. Hesabu hiyo tamu ndiyo inayowafanya wengi wanunue vifaa kwa pupa, kisha wakute kadi ya grafiki ya kawaida imewaacha mbali. Mwanga hauna kosa. Kasi hupotelea pale picha inapoingia na pale inapotoka.

Kwa hiyo anza na karatasi na kalamu. Skrini nyingi za fuwele kimiminika hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Picha ya pikseli 1000 kwa 1000 ikipita kwenye kichujio cha 3 kwa 3 inahitaji mizidisho milioni 9. Mara 60, unapata milioni 540 kwa sekunde, kazi ambayo simu ya mkononi inaimudu bila kutoka jasho. Kichujio cha 50 kwa 50 ni habari nyingine: mizidisho bilioni 2.5 kwa kila picha, na mwanga hauongezi hata chembe ya muda. (Usijidanganye sana na namba hiyo, kompyuta nayo ina njia za mkato za kuchuja kwa vichujio vikubwa.) Ushauri wangu: mpe mwanga tabaka la kwanza tu la mtandao wa neva (programu inayojifunza kutoka kwa mifano, kwa hatua zinazofuatana ziitwazo tabaka), lenye vichujio vikubwa visivyobadilika. Tabaka zinazofuata ziache kwenye kompyuta, kwa sababu kila unaporudi kwenye kamera kupata hatua isiyo ya mstari (ile ambayo si kuzidisha na kujumlisha tu) unalipa tena gharama ya mlangoni.

Mpangilio wenyewe ni huu: leza, lenzi za kupanua mwale, skrini ya picha, lenzi ya kwanza, skrini ya kichujio, lenzi ya pili, kamera, na kuanzia skrini ya picha, kati ya kila kifaa na lenzi umbali ni fokasi moja. Kusafisha mwale, lenzi ya hadubini ya mara 10 na kitundu cha maikromita 20 hadi 25 vinatosha kwa leza ya kijani ya nanomita 532 yenye mwale wa milimita 0.8. Ukiruka hatua hiyo, kila chembe ya vumbi itachora miduara juu ya matokeo yako.

Fokasi usiichague kwa kubahatisha. Zidisha idadi ya pikseli za upande mmoja kwa mraba wa upana wa pikseli, kisha gawa kwa urefu wa wimbi. Kwa pikseli 1080 za maikromita 8 na leza ya nanomita 532 unapata milimita 130. Lenzi ya 125 ndiyo ya karibu inayopatikana kirahisi, na wigo wa picha (picha ikiwa imetenganishwa na lenzi ya kwanza, maumbo mapana katikati na maelezo madogo pembeni) utachukua milimita 8.3 kwenye skrini ya kichujio yenye kimo cha milimita 8.64. Ukiweka lenzi ya 200, wigo unafika milimita 13.3, sehemu za juu na chini zinakatwa, na kingo kali za picha hupotea katika mwelekeo mmoja tu. Hapo wengi huanza kuulaumu mtandao.

Skrini ya kichujio hubadili feizi ya wimbi (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake), lakini si mwanga wote unaoitii. Sehemu isiyotii hupita katikati na kuweka picha isiyochujwa juu ya matokeo. Dawa yake ni kuongeza mteremko wa feizi unaojirudia kila pikseli 4. Kinadharia, ngazi 4 hupeleka takriban asilimia 81 ya mwanga upande unaoutaka, na matokeo husogea milimita 2.08 kwenye kamera. Maana yake picha iwe na upana mdogo kuliko umbali huo. Picha ya 28 kwa 28, kila pikseli ikikuzwa mara 8, ina upana wa milimita 1.79, na inabaki nafasi ya kichujio cha pikseli 8 hivi za picha asilia. Lakini ukikuza hivyo, wigo wenye maana unabanwa katika pikseli 130 za katikati ya skrini, kwa hiyo kuhama kwa pikseli 3 au 4 tu kunaharibu kichujio. Tumia kishikio chenye skrubu za maikromita, na iache skrini ipate joto lake la kawaida kabla ya kulenga.

Kosa linalokula siku nzima ni la mwelekeo. Lenzi mbili hupindua picha, na kile ambacho maktaba za mitandao ya neva huita konvolusheni kwa kweli ni korelesheni, yaani kichujio hakigeuzwi. Pima kwa herufi F na kichujio kisicho na ulinganifu. Duara halitakuonyesha kitu.

Kisha alama za kutoa. Kamera husoma mraba wa wimbi, kwa hiyo hasi na chanya zinafanana. Ukibaki na leza, weka mraba huo ndani ya modeli (mtandao wa neva wenyewe) wakati wa kuifunza, uwe ndiyo hatua isiyo ya mstari. Njia nyingine ni taa ya LED yenye chujio la rangi la nanomita 10: madoadoa ya leza hupungua sana, lakini vichujio vinakuwa chanya tupu, hivyo kila kimoja kinagawanywa viwili na kompyuta inaondoa matokeo ya kimoja kutoka kwa ya kingine. Kwa picha za kawaida ningechagua LED.

Kwenye kamera zima marekebisho yote ya kiotomatiki, gama iwe 1 (mwanga ukiwa maradufu, namba nayo iwe maradufu), na punguza mwanga hadi pikseli yenye mwanga mwingi zaidi ifike asilimia 80 hivi ya upeo. Usihamishe vichujio vya kwenye kompyuta moja kwa moja: washa nukta moja kwenye skrini ya picha, rekodi kinachotoka kwa kila kichujio, ingiza vipimo hivyo kwenye modeli, kisha funza upya tabaka za kompyuta pekee, ukiongeza kelele na mihamo ya pikseli 1 au 2.

Ukishafika hapo ndipo uguse kasi. Badilisha skrini ya picha kwa chipu ya vioo vidogo. Zipo zinazoonyesha zaidi ya picha 20,000 za nyeusi na nyeupe kwa sekunde, ingawa zikiwa na vivuli vya biti 8 (ngazi 256 za kijivu) hushuka hadi mia kadhaa. Rudia hesabu ya fokasi, maana upana wa vioo ni tofauti. Kamera sasa ndiyo itakayokwama: picha 1000 za pikseli milioni moja kwa sekunde ni gigabiti 8. Weka lenzi ya pili ya milimita 50 badala ya 125. Matokeo yatapungua upana mara 2.5, na pikseli za kusoma zaidi ya mara 6.