Waonyeshe objekti kabla ya kodi ya Java

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, chuoni nilianza na matofali. Klasi ni kalibu, nikawaambia, objekti ni tofali linalotoka humo. Wakaandika, wakaitikia, nikatoka nimeridhika. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sasa hili tofali likishakauka linafanya nini?" Halifanyi kitu. Ndiyo shida ya tofali. (Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kuiita klasi "darasa". Nusu yao wakadhani objekti ni wanafunzi.)

Siku hizi mtu haandiki hata mstari mmoja wa kodi, yaani maagizo ya programu, kabla hajashika objekti kwa mkono wake. Natumia BlueJ, programu ya bure ya kujifunzia Java ambayo Michael Kölling na wenzake waliianza mwaka 1999. Ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti, na kwetu hilo ni jambo kubwa. Kila klasi ni kisanduku kwenye skrini. Unakibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, unaunda objekti, nayo inatokea chini kama kisanduku chekundu.

Naanza na klasi niliyowaandikia mwenyewe, Akaunti: ina salio, ina kuweka, ina kutoa. Mwanafunzi anaunda akaunti mbili, ya Mama na ya Juma. Anaweka 5,000 kwa Mama, kisha anafungua dirisha la kukagulia kila moja na kuyapanga ubavu kwa ubavu. Mama 5,000. Juma 0. Kodi ni ileile moja, pesa ni za watu wawili. Sijawahi kupata maneno yanayoshinda madirisha hayo mawili.

Halafu lazima atokee wa kumtolea Mama 8,000. Salio likasoma -3,000, darasa zima likapiga kelele: "Songesha!", ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha. Nikawauliza, huu mkopo kaidhinisha nani? Somo la kulifungia salio lisiguswe ovyo likaanzia hapo, na wao ndio waliolidai.

Kwenye video ndiko nilikoboronga. Nilirekodi mihadhara ya dakika 25 nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Bando la nani? Sasa kila moja haizidi dakika sita, naigawa kwa flashi siku ya Ijumaa, na inaishia na swali: baada ya amri hizi tatu, salio la Juma litakuwa ngapi? Jibu linaandikwa kwenye karatasi, nalikusanya mlangoni Jumatatu. Bila karatasi hiyo hawaangalii, usijidanganye. Kipindi chenyewe sihutubu tena, nazunguka tu. Wanakaa watatu kwa mashine moja, na anayeshika mausi haruhusiwi kuamua. Anaelekezwa na wenzake, kisha wanabadilishana.

Ila usikae BlueJ muhula mzima. Inaficha mahali programu inapoanzia, na wapo wangu waliofika mafunzo kwa vitendo hawajui kuandika "main". Wiki ya sita nawahamisha, wanaunda akaunti zilezile kwa kodi tupu. Binti mmoja alinung'unika kwamba visanduku vyekundu vimepotea. Nikampa kalamu nyekundu.

Kwenye mtihani wa mwisho alivichora pembeni mwa karatasi, vitatu, kila kimoja na salio lake.