Mfereji wa wazee unavuja: tuusakafie au tuzibe kwa udongo?

SWALI: Tuna mfereji wa udongo uliochimbwa na babu zetu kwa jembe la mkono. Sasa maji hayafiki kwa wakulima wa mwisho. Vijana wanataka tuunyooshe na kuusakafia wote kwa saruji, wazee wamekataa. Tuanzie wapi?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Ndugu msomaji, wazee wasikilizwe. Zile kona zinafuata usawa wa kilima. Mkiunyoosha, mteremko unakuwa mkali na maji yanachimba kitako cha mfereji. Mfereji wa udongo unatosheka kushuka sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 100. Saruji iwekeni kwenye banio (pale maji yanapoingizwa mferejini kutoka mtoni) na vivuko vya ng'ombe tu. Juu ya tuta lisiloshindiliwa hupasuka, maji yakapita chini yake msiyaone.

Tafuteni kwanza maji yanapotelea wapi. Fungeni matoleo yote (milango ya kupeleka maji mashambani), kisha chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10 na muachie kijiti kielee. Kikitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.75, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, mpate 0.3. Zidisheni tena kwa upana na kina cha maji: upana ukiwa mita 0.6 na kina 0.2, mnapata mita za ujazo 0.036, yaani lita 36 kwa sekunde. Rudieni mita 500 mbele. Mkipata lita 24, theluthi nzima imepotea hapo katikati, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Kosa la kawaida ni kusindilia udongo kwenye mdomo wa tundu. Njia ya panya au fuko inabaki ndani ya tuta, na baada ya wiki chache maji yanatokea upande mwingine. Kateni mtaro katikati ya tuta, upana sentimita 40, ushuke sentimita 30 chini ya kitako cha mfereji. Jazeni udongo wa kichuguu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Udongo uwe na unyevu wa kushikana ukiufumbata, usiotoa maji.

Angalieni pia usafishaji wenu. Kila mwaka watu wakichimba kidogo zaidi ya tope, kitako kinashuka chini ya matoleo, na mkulima anayekosa maji anabomoa tuta. Tafadhali zikeni mawe bapa kila mita 20 kwenye kina sahihi. Jembe likigonga jiwe, mchimbaji aache.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, ugawanywe kwa hatua za miguu kulingana na ukubwa wa shamba: mwenye ekari moja asafishe mara mbili ya mwenye nusu ekari. Kamati iwe na wakulima wa mwisho wa mfereji, wanawake wakiwemo, maana wao ndio wa kwanza kujua maji yamepungua. Faini ziandikwe kwenye katiba ya kikundi.

Tembeeni na wazee toka banio hadi mwisho, muandike nani walichimba na majina ya kila sehemu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua haki za maji za kimila, na maelezo hayo yatawafaa mkienda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma, kuulizia kibali cha kutumia maji. Nendeni kabla ya kuhamisha jiwe lolote la banio.