Boti ya jeti ya alumini: anzeni na mdomo wa pampu

Ndugu zangu, kila ninapoweka picha za boti yangu ya jeti ya alumini hapa Alberta, Kanada, wanaotaka kujichomelea yao huanza na swali la injini: ina nguvu za farasi ngapi? Boti hii haisukumwi na propela, bali na pampu inayovuta maji chini na kuyatema kwa nguvu nyuma. Mimi nawaomba muanze kwingine kabisa, kwenye mdomo ulio chini ya boti ambapo pampu huvutia maji. Maji yakifika pale yamechanganyika na hewa, injini italia mpaka mji mzima uisikie na boti haitasogea, hata uipe farasi mia mbili.

Boti za namna hii zilipata umbo lake New Zealand. Miaka ya 1950 Bill Hamilton alitaka kupanda mito ya kwao, yenye maji haba na kokoto tele, mito inayokata propela. Kufikia 1960 boti za jeti ziliupanda Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani. Mto North Saskatchewan unaopita hapa Edmonton nao una tabia hiyo hiyo: vuli ikifika maji hupungua na mafungu ya kokoto hujitokeza. Boti ya mita nne ikishika kasi huinuka na kupita penye kina cha shubiri moja. Ukiachia mafuta hapo hapo, inakaa chini na umepwelewa.

Basi turudi kwenye ule mdomo. Boti yenye chini bapa kabisa huvuta hewa chini yake na kuipeleka moja kwa moja kwenye pampu. Ipe mteremko mdogo kutoka mkukuni, ule uti wa chini, kwenda mbavuni, nyuzi 8 hadi 12 kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, hewa itokee pembeni. Zile mbavu ndogo za nje zinazosaidia kuinua boti ziishie mbali mbele ya mdomo. Katika njia ya maji yanayoelekea pale pasiwe na kitu: si bolti, si kifaa cha kupima kina, si mshono uliovimba. Mshono huo usage kwa grainda hadi kiganja kipite bila kukwama.

Kwa bati nunua alumini ya bahari, aina ya 5083, 5086 au 5052. Chini weka milimita 5 au 6, ubavuni 3 zinatosha. Aina ya 6061 ni nzuri kabla ya kuchomelewa, lakini pembeni mwa mshono hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo isiwe ngozi ya chini. Fundi aliyezoea chuma ajifunze upya: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, ilhali utando wa oksidi ulio juu yake unahitaji zaidi ya 2,000. Usipousugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, mshono utapendeza kwa macho na ndani utakuwa na matundu. Tumia gesi ya argoni tupu na waya wa kuchomelea wa aina ya 5356. Ule wa 4043 usiuguse kwenye 5083. Choma vipande vifupi, upande huu kisha ule, kwa sababu joto likilundikana bati hupinda, na chini iliyopinda huharibu njia ya maji.

Injini itoke kwenye jetski, ile pikipiki ya majini, iliyovunjika mwili, nayo uisikie ikiwaka kabla hujalipa. Chukua kila kitu: kompyuta, ufunguo, nyaya, ekzosi. Kompyuta ya jetski za Sea-Doo huutambua ufunguo wake, na kuitafuta peke yake baadaye ni gharama na mateso. Mimi nazipenda injini zao za Rotax 4-TEC kwa kuwa maji ya kupoza injini huzunguka ndani kwa ndani. Injini inayopozwa kwa maji ya mto huingiza mchanga kwenye njia zake. Lakini kipoza maji cha Rotax hiyo ni lile bamba lililo chini ya jetski, kwa hiyo lihamishe nalo au tengeneza kipoza maji kingine chini ya boti.

Hapa nitasisitiza kama mzazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ya boti. Weka feni ya boti isiyotoa cheche, iendeshe dakika 4 kabla ya kuwasha. Na yeyote utakayemwachia usukani mwambie: jeti ukiiachia mafuta haina usukani. Mtu akiona jiwe mbele huachia, na hapo ndipo boti hulifuata jiwe.

Wanaoniuliza kuhusu Mwanza nawajibu wazi kwamba kwa uvuvi sishauri jeti. Magugu maji yataziba chujio la kwenye mdomo wa pampu, na petroli italiwa kuliko kwa injini ya kupachika yenye mzigo ule ule. Rufiji nako mchanga hula impela, yale mapanga ya ndani ya pampu, na pete yake, ambazo zinaachana kwa chini ya milimita moja. Ila kwa uokoaji wakati wa mafuriko ningeichomelea kwa moyo wote, maana hakuna propela ya kumkata mtu aliye majini. Ningeiwekea chujio lenye mkono wa kuliinua kutoka ndani, takataka zitoke bila mtu kuteremka mtoni.