Maswali ya Wasomaji: Seva ya raki, poti ziwe mbele ama nyuma?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ndiye naangalia mambo ya kompyuta kwa kliniki moja hapa Kisumu, upande wa Mamboleo. Tuna majengo mawili, mapokezi na maabara, katikati kuna uwanja wa kama mita 70 hivi. Tunataka kununua seva ndogo ya 1U (kimo cha nafasi moja ya raki) iwe faiawoli, yaani ya kuchuja data, na pia rauta, laini za intaneti tuko nazo mbili. Muuzaji amenipa machaguo hadi nimechanganyikiwa, poti mbele ama nyuma, poti sita za kopa (waya wa shaba) ama nne za kopa na mbili za faiba, skrini ndogo yenye vibonyezo, halafu kuna kitu anaita baipasi ambayo anasema ni lazima. Raki yetu ni ile kabati ya kufunga ukutani. Nisaidieni tafadhali, bosi anataka jibu wiki hii.
Fundi wa kliniki, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, hiyo kabati ya ukutani uliyoitaja pale mwisho inajibu nusu ya swali lako. Mgongo wake umeshikana na ukuta, sasa ukiweka seva yenye poti nyuma, siku unataka kuchomoa waya mmoja tu itabidi ufungue skrubu uvute seva yote na waya zingine zikining'inia. Chukua yenye poti mbele, hapo hakuna mjadala, na tena swichi yako nayo ina poti mbele kwa hivyo kebo fupi zitatosha. Lakini jua waya wa stima kwa nyingi bado unaingilia nyuma na hewa moto inatokea huko huko, acha nafasi. Na upime kina cha kabati kabla ya kulipa! Nyingi za ukutani zina milimita 450 ama 600, na kuna seva za 1U zinapita 700. Upana ni ule wa inchi 19 na kimo cha 1U ni milimita 44.45 kwa kila kampuni, shida huwa ni kina.

Pesa yako iende kwa faiba, yaani chagua nne za kopa na mbili za faiba. Muuzaji anaweza kukuambia kopa inafika mita 100 na wewe uko na 70 tu, na ni kweli kabisa, lakini umbali sio unaonitia wasiwasi, ni radi. Sisi watu wa huku kutoka Kisii hadi Kakamega tunajua mvua ya jioni inavyokuja, na radi haihitaji kupiga kliniki yenyewe, ikipiga karibu tu ule waya mrefu wa kopa unaokatiza uwanja unashika umeme na kuupeleka ndani, poti inaungua, saa zingine na swichi na bodi ya seva zinaenda pamoja. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Ila uangalie kebo yenyewe isiwe na waya wa chuma ndani wa kuipa nguvu, kwa sababu hapo radi umeirudishia njia. Laza faiba ya singo modi (aina yenye uzi mwembamba wa kioo), hata ukianza na spidi ya giga 1 leo kesho utabadilisha moduli tu, kile kipande kinachochomekwa kwa poti ya faiba, uende giga 10 bila kuchimba uwanja tena. Poti za faiba huandikwa SFP+ ama SFP, za SFP+ ni za giga 10, za SFP ni giga 1, na uulize kama hizo za SFP+ zinakubali moduli ya giga 1 maana si zote zinakubali. Moduli za pande zote mbili zilingane.

Kopa nne zinakutosha, mbili za laini za intaneti, moja kwa swichi, moja akiba. Maabara na mapokezi utazitenganisha kwa VLAN kwenye swichi, yaani swichi moja inagawanywa iwe kama mitandao tofauti, huhitaji poti kwa kila idara.

Baipasi sasa. Ni relei ndani ya seva, stima ikipotea ama seva ikikwama inaunganisha poti mbili moja kwa moja ili data iendelee kupita. Inasaidia sana pale seva imewekwa katikati ya waya, inachuja tu, na rauta ni kifaa kingine. Yako ndiyo rauta yenyewe, ndiyo inagawa anwani, kwa hivyo ikizima hata poti ziunganishwe namna gani kompyuta za ndani hazitatoka, na ikitokea data imepita itapita bila kuchujwa, na hizo ni rekodi za wagonjwa. Usilipie. Hiyo pesa nunua UPS nzuri, ile betri ya kushikilia stima ikipotea.

Skrini ndogo inakuonyesha anwani na hali ya seva, ni sawa kama imekuja nayo, lakini kitu cha kuulizia ni poti ya konsoli na iwe mbele. Siku mtandao umekufa kabisa na huwezi kuingia kwa brauza utachomeka laptopu hapo, spidi huwa 9600 ama 115200, na kebo yake iwekwe ndani ya kabati sio kwa droo ya mtu. Kama kuna poti ya usimamizi peke yake, hiyo usiiguzishe intaneti hata kidogo. Kabati ifungwe na kufuli, kitufe cha kuzima kiko mbele pia.

SWALI: Poti moja ya seva yetu taa inawaka rangi ya machungwa, zingine zote ni kijani. Imeharibika?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Si lazima dada. Rangi inategemea kampuni, ila mara nyingi hiyo inaonyesha spidi imeshuka, labda iko megabiti 100 badala ya 1000, yaani giga 1. Giga 1 inahitaji jozi zote nne za waya na 100 inatumia mbili tu, kwa hivyo moja ya zile jozi mbili ambazo 100 haizitumii ikikatika, taa bado inawaka na kazi inaendelea pole pole, watu wanalaumu intaneti. Badilisha kebo kwanza. Rangi ikibaki vile vile, hamisha kebo hiyo kwa poti ya jirani, na hapo ikiwaka kijani ndio ushuku poti.